Tenki la "Lita Elfu Kumi" na Hesabu ya Sifuri Sita

Chukua boksi la kawaida la biskuti pale dukani, lenye urefu wa sentimita 30, upana wa sentimita 20 na kimo cha sentimita 15. Muulize mwanachuo yeyote ujazo wake. Hata yule aliyeikimbia hesabu tangu kidato cha pili atakwambia: zidisha tu. 30 mara 20 mara 15 ni 9,000, basi ni sentimita za ujazo 9,000. Safi kabisa. Sasa mwambie aigeuze iwe mita za ujazo. Hapo ndipo utaona mambo. Wengi watagawa kwa 100, kwa sababu mita moja ina sentimita 100, kisha watakuandikia kwa mwandiko mzuri: mita za ujazo 90.

Mita za ujazo 90 ni chumba, jamani. Chumba chenye urefu wa mita 6, upana wa mita 5 na dari iliyo mita 3 juu ya sakafu: 6 × 5 × 3 = 90. Hapo inakaa semina ya watu thelathini na viti vyao. Boksi la biskuti linalobebwa kwapani haliwezi kuwa chumba cha semina. Jibu sahihi ni mita za ujazo 0.009, yaani lita 9, chini ya nusu ya ndoo yako ya kuogea.

Nasoma ualimu wa hisabati, na wakati wa mafunzo kwa vitendo nilisahihisha madaftari mengi yenye kitu hiki hiki. Nikadhani ni ya shule za sekondari. Kisha nikahamia nyumba ya kupanga nje ya chuo, tukiwa watu 14 wa kozi mbalimbali, na nikaona namna sifuri zilizopotea zinavyoweza kugombanisha watu wazima wenye mkopo wa bodi. Nitafika huko. Kwanza tumalize sifuri zenyewe.

Ile 100 ni ya mstari. Tepu ikinyooshwa mita moja inaonyesha sentimita 100, hakuna ubishi. Lakini ujazo si mstari. Fikiria boksi kubwa la mita 1 kila upande, urefu, upana na kimo, na unataka kulijaza kwa vijiboksi vya sentimita 1 kila upande, vidogo kama dadu. Unapanga safu ya kwanza chini, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine: vijiboksi 100. Safu kama hizo zinaingia 100 mpaka sakafu yote ifunikwe, kwa hiyo tayari una vijiboksi 10,000, na bado uko chini kabisa, kwenye tabaka lenye unene wa sentimita 1 tu. Ili ufike juu unahitaji matabaka 100 ya namna hiyo. Jumla ni 1,000,000. Sifuri sita. Urefu umetoa mbili, upana mbili, kimo mbili. Anayegawa kwa 100 amegeuza upande mmoja wa boksi na kuziacha pande mbili zikiwa bado kwenye sentimita.

Kati ya sentimita na mita kuna mtu mmoja ambaye shuleni tulimpita haraka mno, anaitwa desimita. Ni sentimita 10, basi. Hakuna anayemtumia mtaani, hutasikia fundi akisema "nikatie desimita nane". Lakini boksi la desimita 1 kila upande, sentimita 10 kwa 10 kwa 10, linaingiza sentimita za ujazo 1,000, na hiyo ndiyo lita moja. Ndiyo, lita ni boksi. Tumezoea kuiona kwenye chupa ya mviringo tukasahau umbo lake la asili. Na kwenye lile boksi la mita moja, lita hizo zinaingia 10 kwa urefu, 10 kwa upana na 10 kwenda juu: lita 1,000. Mililita nayo ni sehemu moja ya elfu ya lita, kwa hiyo ni sawasawa na sentimita 1 ya ujazo. Wenzetu wa uuguzi wanaposema dawa ni "CC 5", na bodaboda anaposema chombo chake ni "CC 125", wanazungumza kitu kile kile: sentimita za ujazo. Injini ya CC 125 nafasi yake ya pistoni ni moja ya nane ya lita, nusu glasi ya maji, na inabeba watu wawili na gunia.

Kwa hiyo ushauri wangu, na hapa natofautiana na vitabu vingi vinavyotaka uzidishe kwanza kisha uhamishe nukta: hamisha nukta mwanzoni, pande zikiwa bado ni urefu wa kawaida. Boksi la biskuti lina desimita 3, 2 na 1.5. Zidisha: 9. Ni lita 9, umemaliza, hakuna sifuri ya kupotea njiani. Kwa vitu vikubwa geuza pande zote ziwe mita, zidisha, kisha ongeza sifuri tatu upate lita. Kitu ambacho hakiruhusiwi kabisa ni kuchanganya, urefu kwa mita, upana kwa sentimita, kimo kwa futi. Mafundi wetu wanachanganya hivyo kila siku. Tofali ni la inchi, chumba ni cha futi, mchanga ni wa tripu, maji ni ya lita. Inchi moja ni sentimita 2.54, futi moja ni sentimita 30.48. Geuza kwanza, ndipo uzidishe.

Uhusiano huu mzuri wa lita na boksi haukujitokeza wenyewe. Wafaransa waliupanga kwa makusudi, wakati wa mapinduzi yao. Sheria yao ya mwaka 1795 ilisema lita ni ujazo wa mchemraba wenye upande wa moja ya kumi ya mita, na kilo nayo ikatokana na uzito wa maji yanayojaza mchemraba huo. Baadaye wataalamu wakataka kujifanya makini zaidi. Mwaka 1901 mkutano mkuu wa vipimo ukaamua lita iwe ujazo wa kilo moja ya maji safi yakiwa mazito kuliko wakati wowote, yaani karibu nyuzi 4 za Selsiasi. Kipimo kikatoka na kasoro: lita hiyo ikawa desimita za ujazo 1.000028. Ziada hiyo ni kama nusu tone la maji, lakini kwa miaka 63 dunia ya sayansi ilikuwa na lita isiyolingana na boksi lake. Mwaka 1964 wakairudisha ilipokuwa. Desimita moja ya ujazo, nukta.

Kwetu pwani vipimo vya ujazo vilikuwa vyombo. Vibaba viwili kisaga, visaga viwili pishi, basi pishi ni vibaba vinne, na mpaka leo kwenye zaka ya fitri utasikia pishi ikitajwa. Debe nalo lilitokana na bati la mafuta ya taa la galoni 4 za Kiingereza, ambazo ni lita 18 na kidogo. Vipimo hivyo si vya kijinga, biashara kubwa ilipita humo. Ila chombo cha namna hiyo lazima ukijaze ndipo ujue. Boksi lina faida moja kubwa: unalipima likiwa tupu, kwa tepu, na unajua kitakachoingia kabla hujanunua hata tone.

Sasa nyumba yetu.

Tunaishi nyumba yenye tenki la zege chini ya ardhi, uani, na pampu inayopandisha maji hadi kwenye mabomba ya ndani. Maji ya bomba la mtaa yanakuja kwa kubahatisha, kwa hiyo tunanunua ya boza. Baba mwenye nyumba alituambia siku ya kwanza: "Tenki ni lita elfu kumi." Boza linalokuja nalo limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu, lita 10,000. Bei ni shilingi 120,000 kwa tripu. Tukigawana watu 14 ni kama shilingi 8,600 kila mmoja, na kwa mwanafunzi ambaye bumu limeshakata hiyo ni milo minne, mitano kwa mama ntilie.

Hesabu ya haraka ilionekana tamu. Kila mtu akitumia madumu mawili ya lita 20 kwa siku, hiyo ni lita 40, watu 14 ni lita 560 kwa siku. Lita 10,000 ukigawa kwa 560 unapata karibu siku 18. Na lita 40 si anasa. Shirika la Afya Duniani linataja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku kama kiasi cha kutosheleza mahitaji ya msingi. Sasa kila ikifika siku ya nane au ya tisa pampu inaanza kukohoa hewa. Maji yameisha.

Ukitarajia siku 18 ukapata 8, unatafuta mwizi. Ndivyo nyumba ilivyofanya. Macho yakaenda chumba cha nyuma, cha mabinti wawili wa mwaka wa kwanza, kwa sababu wanafua karibu kila siku na kamba yao haikauki. Likaanza kama utani kwenye kundi la WhatsApp la nyumba. Kisha likaacha kuwa utani. Mtu akapendekeza wachangie mara mbili. Mwingine akasema wafungiwe bomba la nje. Mmoja wao akanifuata siku moja jioni, maana mimi ndiye nakusanya michango, akaniambia, "Kaka, mwisho wa mwezi nahama. Sisi maji tunayotumia hayajazi hata mapipa mawili kwa wiki, ila hapa hatuaminiki." Pipa ni lita 200. Mapipa mawili ni lita 400 kwa watu wawili kwa siku saba, kama lita 29 kwa mtu kwa siku. Kama alisema kweli, walikuwa chini ya wastani wa nyumba.

Bahati ikawa siku ya kuosha tenki. Likiwa tupu, kifuniko kimeachwa wazi tangu asubuhi hewa ipite, na mtu mmoja amekaa juu akimwangalia wa ndani (hilo msilipuuze, tenki lililofungwa siku nyingi linaweza kuishiwa hewa safi na mtu akaanguka humo), nikashuka na tepu. Urefu wa ndani: mita 2.4. Upana wa ndani: mita 1.6. Kutoka sakafu hadi chini ya mfuniko wa zege: mita 1.5. Zidisheni nanyi: 2.4 × 1.6 ni 3.84, mara 1.5 ni 5.76. Mita za ujazo 5.76. Lita 5,760.

Si elfu kumi. Hata sita hazifiki.

Elfu kumi ilitoka wapi? Sidhani mzee alitudanganya kwa kupanga. Nilipomuuliza alinitajia vipimo vya shimo alilochimbiwa na fundi: mita 2.7 kwa 1.9, kina mita 1.7. Ukizidisha unapata mita za ujazo 8.7, na kutoka 8.7 hadi "kama elfu kumi hivi" ni safari fupi ya mdomo. Lakini shimo si tenki. Kuta ni za tofali za inchi 5 na lipu juu yake, jumla sentimita 15 kila upande. Kuta mbili zinakula sentimita 30 kwenye urefu na sentimita 30 nyingine kwenye upana. Sakafu ya zege sentimita 10, mfuniko sentimita 10. Unene unaoonekana mdogo ukiutazama kwenye tofali moja umemeza theluthi nzima ya shimo: 8.72 kutoa 5.76 ni karibu mita 3 za ujazo za zege, tofali na lipu. Ndiyo tofauti ya ujazo wa kitu na kiasi kinachoingia ndani yake. Ukipima nje unajua nafasi ambayo boksi litachukua ghalani. Ukipima ndani unajua utakachokipata. Friji, sanduku, jeneza, kontena, zote zina vipimo viwili, na muuzaji atakutajia kile kinachompendeza.

Na hizo lita 5,760 nazo si zetu zote. Karibu na juu, ukutani, kuna bomba la kutolea maji yanapozidi. Limewekwa mita 1.35 kutoka sakafuni. Maji yakifika hapo yanamwagika mtaroni. Chini nako, mdomo wa bomba la pampu uko sentimita 12 juu ya sakafu ili usivute matope. Maji yaliyo chini ya hapo yapo, unayaona, ila hayapandi. Kwa hiyo kimo tunachokitumia kweli ni kutoka sentimita 12 hadi 135, yaani sentimita 123.

Hapa kuna njia ya mkato ambayo naipenda kuliko kanuni yenyewe. Kwa kuwa kuta zimesimama wima, kila sentimita moja ya kimo ni tabaka lile lile: mita 2.4 kwa 1.6 kwa 0.01. Hiyo ni mita za ujazo 0.0384, au lita 38.4. Huhitaji tena kuzidisha vitu vitatu. Chukua ufito, uchore sentimita, uuchovye, soma, zidisha kwa 38.4. Sentimita 123 mara 38.4 ni lita 4,723. Gawa kwa 560 kwa siku: siku 8 na nusu.

Siku nane na nusu! Kile ambacho nyumba nzima ilikiita wizi ni kimo cha tenki. Hakuna aliyefua kupita kiasi. Niliandika hesabu hiyo kwenye karatasi nikaibandika jikoni, juu ya jiko, mahali ambapo kila mtu hupita, na nikaipiga picha nikaitupa kwenye kundi bila maneno. Yule aliyependekeza wachangie mara mbili aliweka alama ya kidole gumba. Jioni nikamwona amebeba ndoo za chumba cha nyuma, hakusema kitu, nami sikumuuliza.

Upande wa fedha ukawa mchungu zaidi. Kwa bei ya boza, shilingi 120,000 kwa lita 10,000, lita moja ni shilingi 12 na dumu la lita 20 ni shilingi 240. Sisi tulikuwa tunapokea lita 4,723 kwa fedha ile ile: lita moja zaidi ya shilingi 25, dumu zaidi ya shilingi 500. Lita elfu tano na ushee zilikuwa zinaondoka na gari. Maji yakianza kumwagika kwenye mtaro, dereva anafunga koki, "limejaa hilo," anakunja mpira wake anakwenda. Na kweli limejaa.

Safari iliyofuata tulimsubiri watatu, na ufito. Ni mtu mzima, tukamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu." Tukamweleza. Akacheka. "Hizo hesabu za chuo. Maji hayapimwi kwa fimbo, wanangu, maji yanapimwa kwa gari." Hatukubishana naye kwa kanuni. Ilikuwa rahisi zaidi kumwonyesha. Tukasoma ufito, tukachota madumu 20 yaliyojaa, tukayapanga uani, tukasoma tena. Madumu 20 ni lita 400. 400 gawa kwa 38.4 ni 10.4, kwa hiyo maji yanapaswa kushuka sentimita 10 na kidogo. Yalishuka 10 na nusu. (Dumu likijazwa hadi mdomoni huzidi lita 20 kidogo, ndiyo ile nukta.) Mzee akauchukua ufito mwenyewe, akauchovya, akauangalia kwa muda. "Haya. Lakini dizeli yangu niliyochoma kuja huku mtaipima kwa fimbo gani?"

Na ana hoja, tena nzito. Yeye anauza tripu. Akibaki na nusu ya maji bila mteja wa karibu, gari linarudi zito na siku yake imekatika. Kumwambia atupunguzie nusu ya bei ni kumwonea. Kilichokuwa kinatuumiza hasa ni kwamba nusu ya pili ililipiwa na sisi kisha ikauzwa kwa mwingine. Suluhisho lilikuwa nyumba ya pili, ng'ambo ya uzio, wenye tenki la plastiki la lita 5,000. Sasa tunaita boza moja kwa nyumba mbili siku moja. Sisi tunasoma ufito kabla na baada. Maji yakipanda sentimita 121, kwa mfano, hiyo ni lita 4,646, na mchango wetu ni lita hizo mara shilingi 12, kama shilingi 55,800. Wao wanalipa yao, dereva anapata 120,000 yake au karibu nayo. Mchango wa kila mtu kwetu umeshuka kutoka 8,600 hadi karibu 4,000.

Kuna aliyeuliza: si tumwombe baba mwenye nyumba aongeze tenki liwe elfu kumi kweli? Hesabu ni nyepesi. Mita za ujazo 10 gawa kwa sakafu ya 3.84 ni kimo cha mita 2.6 za maji. Kuchimba chini ya msingi wa kuta zilizopo, hapana. Akipandisha kuta nusu mita juu ya ardhi anaongeza sentimita 50 mara 38.4, lita 1,920, siku tatu na nusu za nyumba yetu. Hilo linazungumzika. Ila bomba la kutolea maji lipandishwe pia, la sivyo kuta mpya zitakuwa pambo tu. Kulipandisha hilo peke yake kutoka 135 hadi 145 kunatoa lita 384 bila tofali hata moja, na ndicho tulichomwomba kwanza.

Wanaopenda kuweka maji ghorofani wakumbuke lile walilopanga Wafaransa: lita moja ya maji ni karibu kilo moja. Mita moja ya ujazo ni tani moja. Pipa la lita 200 kwenye kibaraza ni uzito wa watu watatu wazima wasioondoka. Tenki la lita 1,000 juu ya dari ni gari dogo limeegeshwa juu ya kichwa chako. Mchanga ni mzito zaidi ya maji, kwa hiyo wale wa uhandisi mnaohesabu tripu, bodi la urefu wa mita 4, upana wa mita 2 na kimo cha nusu mita lina mita za ujazo 4 likisawazishwa juu, na uzito wake unapita tani 4 mbali. Sisemi zaidi, mna wahadhiri wenu.

Tenki lenye sakafu iliyoinama, na mengi yameinamishwa makusudi ili yaoshwe kirahisi, lipime kina kwenye kona zote nne utafute wastani. Mviringo una kanuni yake, lakini hata huko ile ya ufito inafanya kazi mradi kuta zisimame wima; kinachobadilika ni lita za kila sentimita. Tenki lililopanuka katikati kama pipa la mbao halikubali njia hii.

Kwenye bili ya maji utakuta neno "uniti". Uniti moja ya maji ni mita moja ya ujazo, lita 1,000, ndoo 50 za lita 20. Kwenye mita nyingi tarakimu nyeusi ndizo uniti nzima zinazolipiwa na nyekundu ni vipande vyake: ikiwa nyekundu ni tatu, ya mwisho inahesabu lita moja moja. Usiku watu wote wakilala, funga koki zote, zisome nyekundu, uandike. Asubuhi kabla mtu hajafungua bomba, zisome tena. Tulifanya hivyo kwetu, nyekundu zikawa zimesogea 26. Lita 26 kwa saa saba hazimwagiki kwenye tenki lililopasuka kwa siri, ni tone la choo. Tukabadilisha raba ya kuzibia ndani ya sinki la kuflashia, na usiku uliofuata zikasimama pale pale.